Kiroboto wa mbwa hutafutwa sakafuni

Mbwa akizidi kujing'ata kwenye shina la mkia, mchane kwa kitana juu ya kitambaa cheupe kilicholowa. Chembe nyeusi zitakazodondoka zikiacha doa jekundu, hicho ni kinyesi cha kiroboto: damu ya mbwa wako iliyokauka. Chakula cha mabuu ya kiroboto ni hicho hicho.

Wengi humwogesha mbwa, kisha baada ya wiki mbili wanalalamika viroboto wamerudi. Kumbe muda wote walikuwamo nyumbani. Viroboto wazima walioko mwilini ni kama asilimia 5 tu ya kizazi chote. Waliobaki ni mayai, mabuu na vifukofuko, vimejificha kwenye tandiko, nyufa za sakafu na mchanga wa bandani. Jike hutaga mayai hata 40 kwa siku, nayo huteleza kwenye manyoya yakaanguka popote mbwa alalapo.

Josho la sabuni ya mbwa lina faida ya kweli. Kwenye maji matupu kiroboto huelea. Sabuni hupunguza ule mvutano wa juu ya maji unaombeba, akazama. Anza kwa kumzungushia povu shingoni kabla hujalowesha kwingine, la sivyo watakimbilia masikioni na machoni. Liache povu kama dakika 5, halafu pitisha kitana, ukikichovya kila mara kwenye bakuli la maji ya sabuni.

Mwarobaini husifiwa kupita kiasi. Kiini chake huvuruga ukuaji wa wadudu, nacho kimo zaidi kwenye mbegu kuliko kwenye majani. Maji ya majani yaliyochemshwa usiyategemee kuua kiroboto mzima.

Kazi kubwa iko chini. Buu hukimbia mwanga na hufa akikaukiwa, basi fua tandiko kwa maji ya moto, lianike jua la mchana, fagia hadi pembeni na uchome taka. Anayesumbua ni aliye kwenye kifukofuko: uzi wake unanata, hujivika mchanga, na kiroboto aliyemo anaweza kungoja miezi mpaka ahisi mtikisiko, joto au pumzi. Ndiyo maana nyumba iliyofungwa siku nyingi huwapokea wenyewe kwa viroboto. Kufagia na kufua kuendelee kwa miezi miwili mitatu, hata mbwa akionekana safi.

Usimpake mbwa mafuta ya taa: huunguza ngozi, na akijilamba yanamdhuru ndani. Kitunguu saumu, ambacho watu huchanganya kwenye chakula chake, huharibu chembe nyekundu za damu. Kwa mnyama anayenyonywa damu tayari, huo ni ukatili hata kama nia ni njema.

Watoto wa mbwa watazame fizi. Zikiwa zimepauka, damu imepungua: wapeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.