Sikio la Msuluhishi

Wasuluhishi hodari wanazeeka na kuondoka, nasi tunadhani kazi yao itafanywa na mhuri. Sheria ya Ndoa ya Tanzania, ya mwaka 1971, ilitungwa kwa busara: katika hali ya kawaida shauri la talaka halifiki mahakamani kabla mgogoro haujapitia baraza la usuluhishi, nalo likathibitisha kwa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha wahusika. Waliotunga sheria ile waliwajua wazee na kazi yao. Leo wapo wanandoa wanaoingia barazani kufuata hati hiyo tu, na wapo wajumbe wanaoiandika upesi ili wamwite anayefuata.

Bingwa wa kazi hii nilimwona mtaani kwetu Tanga. Mume na mke walifika kila mmoja na watu wake: shangazi, wajomba, kaka waliokunja mikono. Mzee aliwakaribisha wote, kahawa ikapita, kisha akawaomba ndugu watupishe. Mimi nilibakizwa kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikimwandikia. Mbele ya ndugu zake mtu hasemi yaliyo moyoni, anatetea ukoo.

Mke alieleza kwa kirefu, hakukatizwa. Mume akafungua mdomo kujibu, mzee akamwinulia kiganja.

“Mwanangu, usijibu bado. Nieleze kwanza mwenzako amesema nini.”

“Anasema mimi mlevi, mzee.”

“Sikusema hivyo!” mke akadakia. “Nimesema ukichelewa huniachii habari, nabaki na hofu usiku kucha.”

“Haya baba, rudia.”

Akarudia, akakosea. Akarudia tena, mpaka mke akaitikia, “Naam, ndivyo.” Kisha zamu ikageuka, na bibi naye alikosea vilevile. Mpaka leo sijaona chombo kinachoshinda hicho. Watu wawili waliolala kitanda kimoja miaka mingi walikuwa ndio kwanza wanasikilizana. Sauti zilishuka, na yaliyofichwa yakaanza kutoka: deni la kodi ya nyumba, shemeji aliyekuja kutembea akahamia. Mzee hakuhukumu lolote. Aliuliza tu, akangoja.

Ufundi huohuo hufaa hata mataifa. Kenya, mapema mwaka 2008, watu zaidi ya 1,000 walikuwa wameuawa katika machafuko yaliyofuata uchaguzi. Msuluhishi Kofi Annan alikaa wiki kadhaa na wajumbe wa Rais Mwai Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga, mazungumzo yakakwama. Februari 26 akasimamisha vikao vya wajumbe, akayapeleka mambo kwa wakuu wenyewe. Mashinikizo yalikuwa mengi, na Jakaya Kikwete, Rais wa Tanzania wakati huo, naye aliingia kusaidia. Lakini wajumbe walipowekwa kando, Februari 28 mkataba ukatiwa saini. Naamini mzee wetu angeielewa hatua ile bila kuelezwa.

Sisi tunafanya kinyume. Maneno ya chumbani yanarekodiwa kwa simu, na kabla ya jua kuzama yameshafika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ndugu wote wamerudishwa ndani, na kila mmoja ana neno lake. Tumewapa wagomvi hadhira, tukawanyima msikilizaji.

Mnaosimamia mabaraza haya, waketisheni vijana kando ya wazee waliobaki. Wasipewe mhuri mpaka wajue kurudia maneno ya mlalamikaji, naye akakiri kwamba ndivyo alivyosema.