Regulata ya Maji Chumvi: Usihadaike na Mng'aro

Muuzaji wa regulata ya kuzamia, kile chombo kinachompa mzamiaji hewa kutoka kwenye mtungi, huanza na jina la metali: hii ni titaniamu, ile ni stenlesi, hii nyingine ni shaba ya manjano iliyopakwa kromu. Mzamiaji anayekijua chombo huuliza jingine: maji ya chumvi yakiingia yatakaa wapi, na hapo yatakuta metali zipi zimegusana? Kutu haianzii penye uwazi panaposuuzwa kila siku. Huanzia kwenye meno ya skrubu, chini ya oringi, na pale hosi inapobanwa kwenye kiungio chake. Basi anayetaka regulata ya kudumu akague maungio kwanza, umbo baadaye.

Metali na tabia zake

Regulata nyingi duniani zimetengenezwa kwa shaba ya manjano, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki. Juu yake hupakwa nikeli, kisha kromu. Kromu ndiyo inayong'aa, lakini ni utando mwembamba sana; kazi kubwa ya kinga hufanywa na nikeli iliyo chini. Tazama kingo na pembe, hasa pale spana ilipopita. Mkwaruzo uliofika kwenye shaba hujitambulisha kwa ukoko wa kijani. Malengelenge ni dalili mbaya zaidi, maana chumvi imeshapenya chini ya utando. Ukiona doa la waridi kwenye shaba tupu, zinki imeliwa na iliyobaki ni shaba laini isiyo na nguvu. Hiyo iache hapohapo.

Stenlesi ni ngumu, lakini jina lake lisikulaze. Hujilinda kwa utando unaohitaji oksijeni ili ujirudishie. Chini ya oringi, maji yakituama, oksijeni huisha na vishimo vidogo huanza kuchimbika. Ndiyo sababu daraja la 316, lenye molibdeni, ni bora baharini kuliko 304. Usijaribu kuyatofautisha kwa sumaku. Yote mawili kwa kawaida hayashikwi nayo. Uliza daraja, na lisipoandikwa popote, chukulia ni la chini.

Titaniamu ndiyo mfalme mbele ya maji ya bahari, tena ina uzito wa takriban nusu ya shaba. Hata hivyo ina masharti. Watengenezaji huonya isitumiwe na hewa yenye oksijeni zaidi ya asilimia 40, kwa kuwa ikishika moto katika oksijeni nyingi haizimiki kirahisi. Pia chunguza kama ni titaniamu yote au ni ganda la nje tu. Ikigusana na shaba ndani ya maji ya chumvi, inayoliwa ni shaba.

Muundo: maji yanaingia wapi?

Hatua ya kwanza, ile inayofungwa kwenye mtungi, hushusha mgandamizo kutoka bar 200 hadi kama bar 9 au 10 zaidi ya ule wa maji yanayokuzunguka. Kwenye hatua ya kwanza ya pistoni isiyozibwa, maji ya bahari huingia kupitia matundu na kuizunguka springi kila unapozama. Mulika matundu hayo kwa tochi: unga mweupe ni chumvi, na kijani kwenye kuta ni shaba inayoliwa. Kwenye ile ya kiwambo kilichozibwa, springi haigusi maji kabisa. Muundo huo hutangazwa zaidi kwa wazamiaji wa maji ya baridi kali, lakini katika bahari yetu ya vuguvugu faida yake ni kuzuia chumvi na mchanga.

Hatua ya pili, ile ya mdomoni, usiidharau ikiwa ya plastiki. Ganda la plastiki haliliwi na chumvi, na ni jepesi kwa taya. Kinachohitaji macho ni bomba la metali lililo ndani yake na springi ya vali.

Ikiwa imeshatumika

Anza na chujio dogo kwenye mlango wa hewa. Likiwa na rangi ya fedha au ya shaba safi, vema. Kijani maana yake maji yamepita hapo. Wekundu wa kahawia ni kutu kutoka ndani ya mtungi wa chuma. Weusi huashiria mafuta au mkaa kutoka kwenye kompresa. Chujio hubadilishwa kwa urahisi, ila rangi yake ni ushuhuda wa jinsi chombo kilivyotunzwa.

Kisha vuta nyuma ala za mpira zinazolinda ncha za hosi. Maji hujificha humo. Ukoko wa kijani hapo unakuambia mwenyewe hakuwa msuuzaji. Halafu, bila mtungi, kaza kifuniko cha mlango wa hewa, weka regulata mdomoni na uvute taratibu. Hewa ikija, kuna mahali panapovuja.

Fundi na maji baridi

Hakuna metali inayosamehe uzembe. Baada ya kuzamia, suuza kwa maji baridi, ikiwezekana regulata ikiwa bado imefungwa kwenye mtungi uliofunguliwa. Isipokuwa na hewa, usibonyeze kitufe cha mbele cha hatua ya pili ikiwa majini, kwa kuwa vali itafunguka na maji yatapanda hadi hatua ya kwanza. Kifuniko nacho kikaushe kabla ya kukirudisha.

Kabla ya kulipa, uliza vipuri vyake vinapatikana wapi na nani anaweza kuifungua. Kwa mzamiaji wa Mnemba, Mafia, Diani au Watamu, shaba iliyopakwa vizuri, yenye kiwambo kilichozibwa, hatua ya pili ya plastiki na fundi aliye karibu, inaishinda titaniamu ambayo lazima isafirishwe ng'ambo kila inapohitaji oringi. Titaniamu inunue ikiwa fundi na vipuri vipo na mfuko unaruhusu. Vinginevyo nunua shaba nzuri, na fedha iliyobaki uitenge kwa matengenezo.