Hapa Si pa Mafuta

Usukumani jina la mtu linaweza kukuambia alivyoingia duniani. Kulwa na Doto wanajulikana nchi nzima: mapacha, Kulwa akiwa ametangulia. Shija ni mtoto aliyewafuata mapacha. Kashinje alitanguliza miguu. Mabula na Kabula walikuja na mvua. Kaa kwenye gulio lolote la Bariadi usikilize watu wanavyoitana kati ya mafungu ya michembe na viatu vya mtumba. Ni kama mtu anasoma daftari la leba kwa sauti. Na walioliandika daftari hilo hawakushika kalamu.

Mmoja wao nilimjua. Aliishi Sapiwi, nyumba ya tatu kutoka kwa bibi yangu, na kijiji kizima kilimwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Hata wazee waliomzidi umri walimwamkia hivyo: “Mwangaluka, Mayu.” Alilima pamba kama watu wengine wote. Ukunga haukumlisha: huyu alimletea kuku, yule debe la mtama baada ya mavuno, mwingine hakuleta kitu na hakudaiwa. Nikimkumbuka naiona mikono yake kwanza. Msimu wa kuchuma pamba ilikuwa mikavu, imejaa mikwaruzo, kwa hiyo kabla ya kumgusa mjamzito aliiosha, akaipaka samli, akaisugua hadi ipate joto, kisha akaificha kwapani kidogo. Alisema mkono wa baridi unamshtua mtoto. Kuhusu mama naweza kuthibitisha mwenyewe, maana nimeguswa na mikono ya baridi kliniki mara za kutosha.

Kiswahili kina maneno mengi ya kugusa mwili, na tumeyachanganya yote tukayaita masaji. Kuchua ni kusugua msuli kwa mafuta mpaka ulegee. Kukanda ni kuminya na kuachia kama mtu anavyofanya na unga, au kubandika kitambaa cha maji ya moto. Kusinga ni kwa watu wa pwani na manukato yao. Kupapasa ni kutafuta kwa mkono kitu usichokiona kwa macho. Mayu hakuyachanganya. Mgongo na nyonga alichua. Miguu iliyochoka alikanda. Tumbo alipapasa, basi. Wapo wakunga wanaochua tumbo la mimba kwa nguvu wakidai wanamweka mtoto sawa, na wapo waliobandua kondo la nyuma kabla ya wakati wake kwa kufanya hivyo, damu ikamwagika ndani kabla haijaonekana nje. Mayu aliwajua. Hakuwasema kwa majina, ila akiona alama za vidole kwenye tumbo la mtu alikaa kimya muda mrefu.

Kupapasa kwake kulikuwa na mpangilio. Alianzia juu, chini ya mbavu: kilichopo pale ni kigumu cha duara, au ni kikubwa na laini? Kichwa au makalio. Kisha viganja vilishuka pembeni, kimoja kikitulia, kingine kikiuliza. Upande ulionyooka ni mgongo, upande wenye vijifundo vinavyokwepa ni mikono na miguu. Kisha chini, juu ya kinena, kujua kilichotangulia kimeshuka kiasi gani. Miaka mingi baadaye rafiki yangu aliyesomea uuguzi na ukunga alinionyesha kitabu chake cha chuo. Zilikuwamo hatua nne za kupapasa tumbo, zenye jina la Christian Gerhard Leopold, daktari Mjerumani aliyezieleza mwaka 1894. Nilicheka hadi rafiki yangu akachukia kidogo. Tumbo ni lile lile, viganja ni viwili. Ukikaa nalo kwa uvumilivu litakuuliza maswali yale yale, uwe Dresden au Sapiwi.

Lakini kupapasa ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili iko kwenye kitenzi. Mwanamke kwa Kiswahili hujifungua. Sarufi imempa yeye kazi yote: ndiye aliyefungwa, ndiye anayefungua, hakuna mwingine kwenye sentensi. Wodini kuna kitenzi kingine, kuzalisha, na utamsikia mhudumu akisema amezalisha watano tangu asubuhi. Vitenzi vyote viwili vinasema kweli. Ila mkunga mzuri namtambua kwa namna anavyoacha kile kitenzi cha kwanza kifanye kazi mpaka pale kitakaposhindwa.

Mayu alikiacha. Uchungu ukianza hakumlaza mtu. Alimtembeza uani, akamwambia ashike nguzo ya nyumba na kuinama, akampa uji. Uchungu ulipopanda alikuja nyuma yake na kuweka kisigino cha kiganja pale kiuno kinapokwisha, juu kidogo ya makalio, akakandamiza kwa uzito wa mwili wake wote, bila kusugua. Uchungu uliposhuka aliachia. Angeweza kufanya hivyo usiku kucha, na kesho yake mabega yakamuuma yeye. Mtoto aliyegeuzia mgongo wake kwenye mgongo wa mama ndiye anayesababisha maumivu ya kiuno kuliko yote, na mwanamke wa namna hiyo alikuwa akimshika Mayu mkono na kuurudisha pale pale kila alipouondoa.

Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwa nini mkono unatuliza: taarifa za mguso na za maumivu hukutana kwenye uti wa mgongo, na kuna kitu mfano wa lango; mguso ukijaa langoni, maumivu hupita kwa shida. Kuhusu kuwa na mtu kando yako muda wote wa uchungu, uchambuzi uliotolewa mwaka 2017 ulikusanya tafiti 26 zenye wanawake zaidi ya 15,000. Waliokuwa na mtu wa kuwashika mkono walijifungua kwa njia ya kawaida kwa wingi zaidi, uchungu wao ulikuwa mfupi, na waliopasuliwa walikuwa wachache. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2018, linapendekeza msindikizaji wa chaguo la mama, linataka mama aruhusiwe kutembea na kukaa atakavyo, na linataja kuchua na vitambaa vya moto kama njia za kupunguza maumivu kwa anayezitaka. Yaani uani kwa Mayu, ila kwa lugha ya Geneva.

Elimu hii imekuwa ikisafiri kimya kimya siku zote. Mabega ya mtoto yanapokwama, kuna mbinu ya kumgeuza mama apige magoti na viganja chini. Vitabu vinaiita kwa jina la Ina May Gaskin, mkunga wa Marekani, naye mwenyewe amesema asili yake ni kwa wakunga wa jadi wa Guatemala. Angalau aliwataja.

Kwetu tulichukua muda mrefu kumkubali msindikizaji chumbani. Wanawake wengi wa rika langu walijifungua kwenye vitanda vyembamba, chali, peke yao, mama zao wakiwa nje ya geti na vyungu vya uji vinavyopoa. Mkoani Kigoma, kati ya mwaka 2016 na 2018, shirika la Thamini Uhai lilijaribu jambo ambalo ukilisema kijijini watu watashangaa kwamba lilihitaji kujaribiwa: kumruhusu mwanamke awe na mwenzake chumbani. Walifanikiwa. Kinachozuia kwingine mara nyingi ni ukosefu wa pazia tu. Chumba chenye vitanda vinne bila pazia hakiwezi kumpokea mama mkwe wa mtu.

Nimesema mengi mazuri, sasa niseme lile ambalo bila hilo sifa hizi zote zingekuwa uongo.

Dada yangu alikuja Sapiwi kupumzika akiwa na mimba ya miezi minane. Alikuwa na kichwa kinachouma siku ya tatu, tukasema ni jua. Jioni Mayu akaja kumchua kama kawaida, bakuli la samli mkononi. Aliketi miguuni pake, akashika muundi, akabonyeza kwa kidole gumba, akaondoa. Shimo likabaki. Akabonyeza tena juu zaidi. Shimo likabaki. Akamtazama usoni, akamuuliza kama anaona vitu vinavyometameta. Dada akasema ndiyo, tangu asubuhi. Mayu akajifuta samli kwenye kanga yake, kidole kimoja kimoja, akamgeukia mjomba.

“Hapa si pa mafuta. Fungeni ng'ombe.”

Mvua ilikuwa imenyesha, na anayeujua udongo mweusi wa mbuga anajua unavyoshika gurudumu. Mkokoteni ulikwama mara mbili. Mayu alipanda pamoja nasi na njia nzima alimshika dada mkono bila kumchua popote. Hospitalini walipima shinikizo la damu, wakatazamana, wakamchoma sindano ya magnesiamu salfeti, na alfajiri wakampasua. Kifafa cha mimba kilikuwa mlangoni. Mtoto anaitwa Mabula. Mayu alilala kwenye benchi la nje usiku ule, na hakuna mhudumu hata mmoja aliyemuuliza alichokuwa ameona kwenye ule muundi.

Hakuzaliwa na busara hiyo. Aliwahi kuniambia, mara moja tu, kwamba zamani alimngojea mwanamke mmoja aliyetokwa damu hadi asubuhi, akimpa dawa za mizizi, kwa sababu aliona aibu kusema ameshindwa. Baada ya hapo hakuona aibu tena. Naamini huo ndio upande wa ukunga ulio mgumu kuliko kushika kichwa cha mtoto, na chuo kinaweza kuufundisha kwa nusu tu.

Nasema hivyo kwa sababu hesabu za nchi haziruhusu mapambo. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Katika kipindi hicho hicho waliojifungulia kwenye vituo vya afya walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Damu salama, chumba cha upasuaji, sindano ya oksitosini dakika ya kwanza: hivyo havipatikani kwenye kiganja cha mtu, hata kiwe cha Mayu. Anayewatetea wakunga wa jadi kwa kuzitukana hospitali hajawahi kukaa kwenye mkokoteni uliokwama.

Hata huko hospitalini, mkono haujastaafu. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Mama aliwekewa chini yake shuka la plastiki lenye mistari ya kupimia damu, na mstari ukifikiwa, mambo kadhaa yalifanywa kwa pamoja: dawa, maji ya mshipani, uchunguzi wa chanzo, na kuuchua mfuko wa uzazi mpaka ukaze. Kutokwa damu kupita kiasi, pamoja na upasuaji na vifo vinavyotokana nako, kulipungua kwa asilimia 60. Hilo ndilo tumbo linaloruhusiwa kuchuliwa, tumbo lililokwisha kujifungua na linalovuja. Mayu alikuwa akiligusa kila baada ya muda, akisema linapaswa kuwa gumu kama boga.

Mwezi Desemba 2023 UNESCO iliuingiza ukunga kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa ombi la nchi nane, zikiwamo Nigeria na Togo. Tanzania haikuwa miongoni mwao. Sisi urithi wetu tumeufanya utumwe kubeba beseni na kanga hadi getini, basi. Nadhani tungeweza kumpa Mayu kiti ndani, karibu na kichwa cha kitanda, kisigino cha kiganja kikiwa pale kiuno kinapokwisha, huku muuguzi mkunga akijaza chati na kushika sindano. Kazi zao hazigombani. Na mzazi akirudi nyumbani, akandwe mgongo na miguu kwa maji ya moto asiyoungua nayo, apewe matobolwa na maziwa, alale. Kidonda cha upasuaji kiachwe kama kilivyofungwa.

Mkokoteni wa ng'ombe siku hizi una mpinzani. Huduma ya m-mama, iliyojaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Sengerema, kabla ya kutangazwa nchi nzima mwaka 2022, inamtafutia mama gari la wagonjwa, na lisipokuwapo inamwita dereva wa karibu aliyesajiliwa na kumlipa. Namba ni 115, na simu hiyo hailipiwi. Kama nyumbani kwako kuna mjamzito, iandike ukutani leo, kisha bonyeza muundi wake kwa kidole gumba uone kama shimo linabaki.