Picha Isiyochuja

Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani kwake. Mpiga picha Seydou Keïta alifungua studio mjini Bamako mwaka 1948, akalitundika uani shuka lile lenye matamvua, na mbele yake wakapita makarani, maharusi, akina mama na vichanga vyao, na wasafiri walioshuka kwenye gari moshi, kwani kituo cha reli hakikuwa mbali.

Mara nyingi kila mteja alipigwa picha moja tu. Negativu yenye ukubwa wa sentimita 13 kwa 18 ilikuwa ghali, kwa hiyo kazi yote ilimalizika kabla kamera haijalia. Keïta alimgeuza mtu bega, akamnyanyua kidevu kidogo, akalitandaza gauni mpaka kila ua la kitambaa likaonekana, akatafuta mahali pa vidole. Ndipo akapiga. Mimi naona hapo ndipo ufundi ulipo, katika zile dakika ambazo mtu anatazamwa kwa heshima na hakuna anayemharakisha.

Husemwa kwamba picha isiyochuja ni ile isiyo na alama za wakati wake. Sikubaliani kabisa. Mtazame kijana mmoja wa Keïta: suti nyeupe, tai, miwani yenye fremu nene nyeusi, na mkononi ua moja, amelishika kwa ncha za vidole kana kwamba likibanwa litaumia. Hakuna kitu pale kisichosema miaka ya 50. Studio ilikuwa na saa, kalamu na redio za kuazima, na watu walizitaka zionekane. Hata mapazia yalibadilishwa kila baada ya miaka michache, na baadaye Keïta aliyatumia kukumbuka picha ipi ni ya lini. Kijana yule ameuvaa wakati wake wote, na bado anapokutazama unajiweka sawa kitini.

Mali, nchi ya Keïta, ilipata uhuru mwaka 1960. Miaka michache baadaye serikali ikamchukua Keïta awe mpiga picha wake. Studio ikafungwa, negativu zikakaa sandukuni. Mwaka 1991 baadhi ya picha zile zilitundikwa kwenye maonyesho New York bila jina la mpigaji. Watazamaji hawakumjua aliyepiga wala aliyepigwa, na bado walisimama wakazitazama, hata watu wakaanza kumtafuta mwenye kazi ile. Keïta alifariki mwaka 2001, akiwa ameshaona jina lake limerudi kwenye picha zake.

Nyumbani kwetu ipo picha ya bibi yangu, ya rangi nyeusi na nyeupe, kingo zake zimekatwa menomeno kama zilivyokatwa picha za studio zamani. Amekaa kwenye kiti cha mbao, khanga begani, mkono wa kushoto ameulaza juu ya goti ili saa ionekane. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza saa ile iko wapi. Akaniambia haikuwa yake. Mpiga picha alikwisha kuinama nyuma ya kamera, akainuka tena, akaivua mkononi mwake, akaja kumvalisha yeye. Mkanda ulikuwa mkubwa kwa mkono wake mwembamba, na ukiitazama picha kwa karibu utaona tundu jipya, lililotobolewa pale pale.