Uhakiki wa Vigezo vya Kutabiri Kuishi kwa Wagonjwa wa Saratani ya Puru: Mtazamo kutoka Same na Milima ya Upare

Sehemu hii inahakiki namna tafiti tangulizi zinavyoteua vigezo vya kutabiri muda wa kuishi kwa wagonjwa wa saratani ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Tangu Dukes alipopendekeza ngazi zake mwaka 1932, kina cha uvimbe na kufikiwa kwa tezi za limfu vimekuwa vigezo vikuu. Mwaka 1986 Quirke na wenzake walionesha kuwa saratani inayobaki kwenye ukingo wa mkato huashiria kurejea kwa ugonjwa. Aidha, jaribio la Sweden lililochapishwa mwaka 1997 lilibaini kuwa mionzi ya juma moja kabla ya upasuaji iliongeza walioishi miaka 5 kutoka asilimia 48 hadi 58.

Vigezo hivyo vina mashiko. Udhaifu umo katika hesabu. Njia ya Kaplan na Meier ya mwaka 1958 na modeli ya Cox ya mwaka 1972 huchukulia kuwa mgonjwa aliyekoma kufuatiliwa ana hatari ya kufa iliyo sawa na ya wanaoendelea kuhudhuria. Kwa Upare, dhana hiyo haikubaliki kirahisi. Mgonjwa wa Chome au Mbaga huteremka mlimani hadi Same, kisha husafiri takribani kilomita 100 hadi KCMC, Moshi; na kwa miaka mingi aliyehitaji mionzi alipelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Anayekoma kuhudhuria yumkini ndiye aliyezidiwa au kuishiwa nauli. Akifia nyumbani bila taarifa kufika hospitalini, huhesabiwa miongoni mwa waliopotea, na kiwango cha kuishi huonekana kikubwa kuliko kilivyo. Hivyo, umbali wa makazi unaweza kuonekana kuwa si kigezo, ilhali vifo vya walio mbali ndivyo visivyorekodiwa. Mpangaji wa huduma akiyaamini matokeo hayo, hataona sababu ya kuzisogeza karibu na milima.

Kwa hiyo, utafiti unaotegemea majalada ya hospitali hauna budi kubainisha idadi ya waliopotea kwa kila eneo, kuwatafuta kwa simu na kupitia ofisi za vijiji, kisha kurudia hesabu kwa kuchukulia kuwa wote wasiopatikana walifariki. Hitimisho likibadilika, lisichukuliwe kuwa thabiti.