Sita kwa Tano: Jinsi Al-Inkishafi Inavyofanya Kazi Sikioni

Mara ya kwanza niliisoma Al-Inkishafi kwa macho, kitabu mezani na kamusi pembeni, nikatoka na maana ya maneno tu. Miaka ikapita. Kisha usiku mmoja Lamu, barazani kwa jirani wa mwenyeji wangu, baada ya swala ya isha, mzee mmoja aliyesomesha chuoni umri wake wote alianza kuighani bila karatasi. Hakuinua sauti wala kupunga mkono. Aliegemea ukuta, tasbihi imelala pajani, na kila alipofika mahali fulani katikati ya mshororo alisita kidogo, kama mtu anayeshuka ngazi gizani na kupapasa kwa mguu kidato kinachofuata. Kijana aliyekuwa akipita na punda wake akasimama. Nilipokwenda kulala sikukumbuka hata hoja moja ya shairi, ila nilikuwa na woga, na woga ule nilihisi umetoka kwangu mwenyewe.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza shairi hili lilijengwaje hata likaweza kufanya hivyo. Wengi wameandika juu ya mafunzo yake. Mimi nataka kutazama ufundi.

Mtunzi ni Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, sharifu wa ukoo wa Sheikh Abu Bakr bin Salim, aliyeishi Pate na kufariki karibu na mwaka 1820. Pate aliyoijua ilikuwa ikishuka. Mji wa Wanabahani, uliotajirika kwa biashara ya bahari, ulikuwa umechoshwa na vita na magomvi ya kurithi kiti. Mwanzoni mwa karne ya 19 watu wa Lamu waliwapiga Wapate na Mazrui wa Mombasa pale Shela, na Pate haikuinuka tena. Shairi lina beti zisizofika 80. Lilipochapwa London mwaka 1939, katika toleo la William Hichens, lilikuwa limekwisha kuishi zaidi ya miaka mia katika miswada ya hati za Kiarabu na katika vifua vya watu. Jina lake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kufunuka.

Tuanze na pale mzee aliposita. Kila ubeti una mishororo minne, na kwa kawaida kila mshororo una mizani 11: sita, kituo, kisha tano. Tofauti hii ya mizani moja ndiyo moyo wa mahadhi yake. Chukua sentensi ya kawaida kabisa: tulifika pwani jana, wakati jua lazama. Hizo ni nane kwa nane, vipimo vya shairi tulilozoea magazetini na redioni. Sauti inapanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, pumzi inatosha, msikilizaji anatulia. Sasa ipunguze: tulifika pwani, jua lazama. Sita kwa tano. Upande wa pili umewahi kwisha. Sikio lilijiandaa kupokea sita nyingine, likapewa tano, na mahali pa ile ya sita pamebaki kimya. Mshororo mmoja hauoneshi kitu. Rudia mara mia tatu na ushee, kama shairi hili linavyofanya, na kile kimya kidogo kinaanza kuwa na uzito wake. Kila jambo linalotajwa linaondoka kabla hujashiba nalo, na shairi lenyewe linazungumza habari ya dunia inayoondoka kabla watu hawajashiba nayo. Hapo Sayyid Abdallah hakuhitaji kueleza. Vipimo vimekwisha sema.

Ndiyo maana msomaji anayekimbilia mwisho wa mshororo analiua shairi hili hata kama hakosei neno. Tenzi za kusimulia vita huvumilia mbio, kwa kuwa mizani yao minane kwa kila kipande ni mwendo wa farasi. Hapa kuna mwendo wa mtu anayetembea ndani ya nyumba asiyoijua.

Vina navyo vimewekwa kwa hesabu. Mishororo mitatu ya mwanzo hupatana vina, na kila ubeti huja na kina chake kipya. Mshororo wa nne haubadiliki: unaishia kwa -ye, tangu ubeti wa kwanza. Hadi hapo ni kanuni ya utenzi, hakuna ajabu. Ajabu iko kwenye sauti yenyewe iliyochaguliwa. Katika Kiamu na Kipate cha kale, tendo lililokwisha na hali yake ikabaki husemwa kwa kubadilisha mwisho wa kitenzi. Mtu aliyeketi na bado amekaa pale pale huambiwa "uketiye". Kwa hiyo kina cha -ye, katika lugha ya mtunzi, mara nyingi kinabeba maana hiyo hiyo: limekwisha tendeka, na athari yake ipo mbele yako. Si kila -ye katika shairi imetoka huko, nyingine zina asili tofauti. Lakini zinazotoka huko ni nyingi kiasi cha kulitia sikio rangi moja. Mishororo mitatu inahangaika, inauliza, inapamba, kisha wa nne unafunga kwa sauti ya jambo lisilorudishika. Msikilizaji wa leo anayejua Kiswahili sanifu tu hanasi sarufi hiyo, na ni hasara, kwa maana anasikia kina pale ambapo Mpate wa wakati ule alisikia hukumu. Walimu wa fasihi wanaofundisha shairi hili wangeanza hapa kabla ya kuingia kwenye maudhui.

Sasa, anayezungumza anazungumza na nani? Baada ya kumtaja Mungu na kumsalia Mtume na jamaa zake, Sayyid Abdallah anaugeukia moyo wake. Anaulalamikia kwamba hausikii nasaha. Anauuliza umedanganyika na nini. Linganisha na Mwana Kupona, wa visiwa hivyo hivyo, ambaye katika utenzi wake wa mwaka 1858 anamwita binti yake aje na wino na karatasi. Pale kuna mama na mwana, na sisi tunasikiliza kwa heshima mambo ya watu wengine. Linganisha pia na hotuba ya msikitini, ambamo mmoja yuko juu ya mimbari na wengine wako chini. Katika Al-Inkishafi hakuna wa juu. Mtu anagombana na moyo wake, sisi tumeketi ukuta wa pili tunasikia. Na kwa kuwa shairi hili hughaniwa, kila anayelighani hulazimika kuuita moyo wake yeye. Mzee wa barazani hakuwa akiripoti majuto ya sharifu aliyekufa karne mbili zilizopita. Aliposema neno moyo, ulikuwa wake. Anayesikiliza hawezi kununa kwamba amekaripiwa, maana hakuna aliyemkaripia. Anajikuta tu ameuangalia moyo wake pia.

Beti zinazofuata zinaifananisha dunia na vitu vingi. Ni bahari yenye mawimbi. Mtu ni taa iliyowekwa kwenye upepo. Anasa ni mazigazi ambayo mwenye kiu huyadhani maji. Mifano hii ni mizuri, na ni ya kawaida katika mawaidha ya Kiislamu toka zamani. Shairi lingeishia hapo tungekuwa nalo kama tulivyo na mashairi mengi ya toba, lakini likiwa limefika yapata katikati mtunzi anatuingiza katika nyumba za Pate.

Hapa napenda kutembea polepole. Kwanza tunaziona usiku zikiwa hai. Zinang'aa kwa taa za kioo na za shaba hadi usiku unafanana na mchana. Kuna vyombo vya kaure kutoka Uchina, vikombe vya nakshi, vitanda vilivyopambwa, watu wanacheka. Yeyote aliyeingia nyumba ya zamani ya Lamu anavijua zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyopangwa ukutani safu juu ya safu, ambamo vyombo hivyo viliwekwa ili mwanga uvipige. Mtunzi anatuachia raha hiyo bila kuikemea. Haharakishi kusema ni ubatili. Anapenda vitu anavyovitaja, au walau anavijua kwa karibu kama mtu aliyevishika. Hilo ndilo linalompa haki ya kusema yanayofuata.

Kisha wenye nyumba wanachukuliwa safari, wanashushwa makaburini, udongo unawafunika. Ni beti chache tu. Mhubiri wa kawaida angekaa kaburini kwa muda mrefu, kwa kuwa huko ndiko kunakotisha. Sayyid Abdallah anatoka haraka na kurudi kule kule nyumbani, na uamuzi huo mmoja, kwa maoni yangu, ndio uliolifanya shairi hili liishi.

Anarudi chumba kwa chumba, na kila kitu alichokitaja mwanzo sasa kina mpangaji mwingine. Kidaka kilichokuwa na sahani kina makinda ya ndege. Juu, ambako taa zilining'inia, wananing'inia popo. Bundi anakoroma katikati ya nyumba. Palipotandikwa ametanda buibui. Na kule kucheka kwa watu kumeshikwa na mende na nyenje. Angalia kazi ya sikio hapa. Katika nyumba hai tulikuwa tukitazama zaidi kuliko kusikia: mwanga, rangi, nakshi. Katika nyumba iliyokufa mwanga umezimwa na tunabaki na masikio, na sauti ya mwisho kubaki ni ya mdudu. Anayeghani akiijua kazi yake huishusha sauti hapo mpaka kile kimya cha mizani ya sita kinakuwa kirefu kuliko maneno, na katika usiku wa Lamu, wenye nyenje wake halisi wakilia nyuma ya ukuta, huwezi kujua shairi limeishia wapi na usiku umeanzia wapi. Barazani pale walilia kweli. Sitasahau.

Katika beti hizo kiburi hakitajwi wala pupa haikemewi. Zipo nyumba na walioingia humo baada ya wenyewe.

Kitu kingine cha kiufundi ni majina. Mtunzi anauliza walikokwenda watu, na watu hao ni watu wa mji wake, wanaitwa kwa majina yao. Miongoni mwao yumo Ali bin Nasir, jina lile lile la baba yake. Kwa msikilizaji wa Pate wa wakati ule, kila jina lilikuwa na uso, kaburi na pengine mjukuu aliyeketi mkekani akisikiliza. Kuuliza swali ambalo jibu lake linajulikana na wote, halafu kuliacha bila jibu, ni mbinu ya kughani kuliko ya kuandika. Kwenye karatasi jicho linaruka kwenda mstari wa pili. Sauti inaweza kusimama na kumwacha kila mtu ajijibu. Magofu ya nyumba hizo yapo hadi leo Pate, kuta za matumbawe zimesimama ndani ya mashamba ya tumbaku, na watu wanapalilia kati ya milango.

Kuelekea mwisho shairi linaingia motoni na kuitaja Jahanamu kwa majina yake. Nasema kwa heshima: kwa sikio langu, moto ule hautishi kama nyenje. Nadhani sababu ni kwamba nyumba tumeingizwa, na moto tumeambiwa.

Nimeyakumbuka haya yote mara nyingi nikiwa katika kumbi za Nairobi na Dar es Salaam ambako vijana husimama mbele ya kipaza sauti na kughani mashairi ya kumtafuta Mungu. Wanakuja na msiba, na maradhi, na imani waliyoipoteza au waliyoipata juzi. Nawapenda kwa ujasiri wao. Wengi hawatumii vina wala mizani, na si kosa. Kinachoniuma ni pale mmoja wao anapotangaza alichokipata, amani au nuru, kabla hajanionesha chumba alichokuwa amekaa akilia. Tena kila mwanya wa pumzi unazibwa na gitaa, kana kwamba kimya ni aibu. Nilimsikia binti mmoja akimtaja marehemu mama yake kwa dakika nne nzima kwa maneno makubwa, na ukumbi ulikuwa ukimsikiliza kwa adabu tu. Halafu akataja kanga ya mama iliyobaki kwenye msumari nyuma ya mlango, na akanyamaza, nadhani kwa sababu koo lilimkaba. Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Alikuwa amefika kwenye kidaka bila kujua.

Lamu kwenyewe ufundi huu haukukatika. Ustadh Mahmoud Mau, imamu na mwoka mikate, alitunga Wasiya wa Mabanati katika miaka ya 1970, na ulienea pwani kwa kaseti. Watu waliusikiliza majumbani, chombo cha kaseti kikiwa pale pale palipo na masufuria. Maneno yaliyokusudiwa sikio yalipita njia ya sikio.

Nilirudi kwa yule mzee siku ya tatu, nikamwomba nimsomee beti za nyumba yeye anisahihishe. Nilikuwa nimejiandaa vizuri, kila neno la Kiamu nimelitafuta maana. Nilimaliza ubeti mmoja kwa sauti ambayo mwenyewe niliiona ni ya kupendeza.

"Maneno ni hayo, mwanangu," akasema. "Lakini mbona hukusimama?"

"Wapi, mwalimu?"

Akahesabu kwa kidole gumba juu ya vidole vya mkono mmoja, taratibu, midomo ikitembea bila sauti. Alipofika ya sita gumba likabaki hewani. Nje nyenje walikuwa wamekwisha anza. Akangoja, kisha akanipa ishara nirudi mwanzo.