Idi ya Pangani, 1888: kumsoma Glassman ukiwa Irente

Kuna vitabu vya historia ambavyo ukivimaliza unaanza kuitazama harusi ya jirani kwa jicho jingine. *Feasts and Riot* cha Jonathon Glassman, kilichotoka mwaka 1995, ni kimojawapo. Jina lake ukilileta kwetu ni kama kusema "Karamu na Ghasia", na hiyo "na" ya katikati ndiyo kitabu chote. Glassman anaichukua miji ya Mrima, hasa Pangani, kuanzia 1856 mpaka 1888, halafu anauliza swali ambalo darasani hatukuulizwa: hao watu walioinuka dhidi ya Wajerumani, kabla hawajainuka, walikuwa wakikusanyika wapi na wakigombania nini? Jibu lake ni kwamba walikuwa kwenye ngoma. Kwenye harusi, kwenye siku ya mwaka, kwenye Idi. Na walichogombania, kwa sehemu kubwa, ni nafasi kwenye mkeka.

Ile historia ya shuleni tunaijua. Wajerumani wanakuja, Abushiri bin Salim anakataa, vita, kitanzi pale Pangani tarehe 15 Desemba 1889, jibu swali la kumi. Imekaa kama mechi ya timu mbili. Glassman anaivuruga mechi hiyo, na hapo ndipo nilipompenda. Anaonyesha kwamba ndani ya Pangani timu zilikuwa nyingi: majumbe wa Kishirazi waliojiona ndio wenye mji, Waarabu wa Sultani wenye bendera na mashamba ya miwa, Wahindi waliokopesha, na chini yao wote umati wa watumwa, vibarua, wavuvi na wapagazi waliotoka bara. Hawa wa chini waliitwa washenzi. Lakini waliujenga mji, waliubebea mizigo, na mwisho wakataka kuwa watu wake.

Sasa unakuwaje mtu wa mji pasipo hati wala kitambulisho? Unaingia kwa karamu. Unalipa ada, unatoa kilemba, unalisha watu, unajiunga na chama cha ngoma, unavaa walivyovaa waungwana na kucheza walivyocheza, mpaka wenyeji wachoke kukuita mgeni. Wenyeji nao wanajua mchezo, wanapandisha ada. Jumbe mwenye jina anachinja ng'ombe wengi kuliko uwezo wake ili asipitwe na tajiri mpya, kesho yake yuko kwa mkopeshaji. Nikisoma kurasa hizo nilicheka peke yangu, maana kamati zetu za harusi zingejiona humo bila miwani. Kadi ya mchango, "single" na "double", MC anayetangaza nani kaleta nini... Pangani ya 1870 na ushee ingeelewa yote isipokuwa spika.

Ila kicheko hakidumu, kwa sababu ya hiyo Idi.

Kampuni ya Wajerumani ilikuwa imepata mkataba na Sultani wa Zanzibar, Aprili 1888, wa kushika utawala wa pwani, kuanzia katikati ya Agosti. Tarehe zikagongana na Idi ya Kuchinja. Ni majira ambayo misafara iko pwani, mji umefurika watu wa bara, wengi wana bunduki mkononi kama ilivyokuwa desturi ya safari na ya sherehe. Katikati ya watu hao anatokea Emil von Zelewski, ofisa wa kampuni, anataka bendera ya kampuni ipande. Siku hizo hizo watu wake wakaingia msikitini na mbwa. Mwezi uliofuata maofisa wa kampuni hawakuweza hata kutoka ndani ya nyumba yao, mpaka Lloyd Mathews, jemadari wa Sultani, alipokuja kuwaondoa.

Vitabu vingi vingeishia kwenye mbwa. Yaani dini imetukanwa, watu wakakasirika, basi. Glassman haidharau sababu hiyo, lakini anataka tuuone umati wenyewe. Watu wale walikuja mjini kufanya kile walichokuwa wakikifanya kila sikukuu: kuonekana, kudai nafasi yao, kuwasumbua kidogo wakubwa. Safari hii wakubwa walionekana wameuza mji, na sherehe ikapinduka ikawa ghasia bila kubadilisha mavazi. Ndiyo maana, anasema, umati haukuwatisha Wajerumani tu. Uliwatisha pia majumbe na Waarabu waliodhani wanauongoza. Sioni namna ya kumpinga hapa. Mtu aliyewahi kuona mechi ya mtaa ikigeuka vurugu anajua kwamba ugomvi wa siku hiyo haukuzaliwa siku hiyo.

Mimi namsomea Irente, na hilo halikuacha usomaji wangu salama. Pale kwenye mwamba, ukingo wa milima, bahari huioni. Unachokiona ni Mazinde chini kabisa, barabara, na nyika inayokwenda mpaka macho yakate tamaa. Lakini Mazinde ile ndiyo mlango wa Pangani. Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, aliacha starehe ya Vuga juu mlimani akaweka makao bondeni, kwa sababu njia ya misafara ilipita hapo, na bunduki na nguo zilipita na misafara. Baba yake alipofariki mwaka 1862 ufalme ulichanika, na katika vita vilivyofuata watu wa milima hii walikamatwa na kuuzwa pwani. Wengine waliishia kwenye miwa ya bonde la Pangani. Kwa hiyo "washenzi" wa Glassman, wale wanaobisha hodi kwenye ngoma za mji, baadhi yao ni watu waliotoka huku. Wengine walitelemka kwa miguu yao na mzigo kichwani, wengine kwa kamba.

Na hapa nina neno na mwandishi. Usambara kwenye kitabu chake ipo, Semboja yupo, siasa za Wakilindi zimeelezwa vizuri. Ila ni siasa za watawala. Mtu wa mlimani wa kawaida anaingia kwenye hadithi pale tu anapofika pwani na kuanza kutaka uungwana, kama vile huko alikotoka hakukuwa na ngoma, wala karamu, wala namna ya kumpa mgeni ukoo. Je, alipoingia kwenye chama cha ngoma Pangani alikuwa anaiga waungwana, au alikuwa anafanya cha kwao kwa jina jipya? Glassman anaelekea kuiga, japo anakiri kwamba waigaji waligeuza maana ya walichokiiga. Kwa Kiswahili kuna chombo cha kumsahihishia: *Habari za Wakilindi* ya Abdallah bin Hemedi 'l Ajjemy, mtu aliyewahi kumtumikia Semboja. Kisome sambamba. Utaona mlima nao ulikuwa na mezani kwake nani akae wapi.

Lalamiko la pili ni kubwa zaidi. Katika kurasa zote hizo za karamu, hakuna anayeshiba. Kila ng'ombe anachinjwa ili kumshinda mtu. Kila ngoma ni hoja. Naelewa, nyaraka zake nyingi ni za makonsuli, wamisionari na maofisa wa kampuni, watu waliosikia ngoma kama kelele za kuwanyima usingizi, na hoja ni kitu unachoweza kukitoa kwenye barua ya konsuli. Utamu huwezi. Lakini mtu hakeshi siku tatu akicheza kwa sababu ya hadhi tupu. Anakesha kwa sababu ngoma ni tamu, kuna mtu anayemtazama upande wa pili wa duara, na kesho kuna kazi ya miwa. Ukiitoa raha hiyo, hata ghasia yenyewe inapungua maana, kwa sababu sehemu ya hasira ya Agosti ile lazima iwe ni hasira ya watu walioharibiwa sikukuu.

Anayejua raha hiyo ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. *Desturi za Wasuaheli*, iliyochapishwa Ujerumani mwaka 1903 kwa usimamizi wa Carl Velten, imejaa ngoma: nani anapiga, nani analipa nini, chakula gani, kijana anafanyiwaje. Mtoro naye ana upande wake, anaitazama bara akiwa amekaa barazani mjini. Hata hivyo ukimsoma unasikia vyombo. Glassman anamtumia sana, na ni haki. Ila anamnukuu kama shahidi, wakati Mtoro ni mwandishi.

Kuna msomaji atakayeuliza, haya ya zamani yana kazi gani? Nenda kwenye tamasha lolote la mji wa pwani leo. Simkejeli mtu, Tamasha la Bagamoyo, lililoanza mwaka 1982 chini ya Chuo cha Sanaa, limelea wasanii ambao bila hilo tusingewajua. Lakini angalia lilivyokaa tamasha kama tamasha. Jukwaa huku, viti huku, mgeni rasmi katikati, kikundi kina dakika zake, kikimaliza kinapigiwa makofi na kushuka. Kila mtu anakaribishwa kutazama. Hakuna anayeingia. Ule ugomvi wa nani ni mwenyeji umefukiwa chini ya neno "utamaduni wetu", na tukishasema "wetu" hakuna wa kuuliza sisi ni nani. Mpagazi wa 1888 angebaki nyuma ya kamba akiuza maji.

Linganisha na Makunduchi. Kwenye Mwaka Kogwa, kila Julai, wanaume wa kusini na wa kaskazini bado wanapigana kwa migomba, kibanda cha makuti kinachomwa moto, na ugomvi wa mwaka unamalizwa mchana kweupe. Tena kuna jambo linalomhusu mgeni: mwenyeji asiye na mgeni siku hiyo anaonekana ana upungufu. Sasa watalii wamejaa na kamera, sawa, lakini kanuni ya ndani haijafa. Lamu pia, maulidi yanayohusishwa na Habib Swaleh, mtu ambaye mwenyewe alitokea Ngazija, yalijenga jina kwa kuwaingiza kwenye dufu na elimu watu ambao waungwana wa mji hawakutaka kukaa nao. Hizo ni karamu za aina aliyoiandika Glassman, na zipo, zinaliwa kila mwaka.

Lililobaki linaniuma kidogo. Kitabu hiki kuhusu watu waliopigania kuingia kimeandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha chuo kikuu, kizito, chenye Gramsci mlangoni kama bawabu. *Ngoma*, *heshima*, *ada*, *jumbe*, *mshenzi*, yote yamo kwa herufi za mlalo, kila moja na maelezo yake, kama wageni. Kijana wa Pangani aliyemaliza kidato cha nne anavuka kwa pantoni kwenda Bweni kila siku, anapita palepale penye Idi ile, na kurasa hizi zimefungwa kwake. Mwenye nguvu ya kutafsiri asianze na utangulizi wa nadharia. Huo unaweza kusubiri. Aanze na sura za karamu, kisha Agosti 1888. Nusu ya kazi imeshafanywa, maana yale maneno ya mlalo hayahitaji kutafsiriwa. Ni kuyasimamisha wima tu.